Pwani ya Mbung'o: Tiba ya Wanyama Kilwa na Lindi tangu Enzi za Masultani

Katika harusi za pwani, karamu hungoja ndafu: mbuzi mzima aliyechomwa kwa viungo, kichwa kikiwa bado mahali pake, akaletwa mbele ya maarusi huku vigelegele vikipigwa. Wengi leo hulijua neno hilo kama jina la chakula. Kamusi za zamani za Kiswahili hulieleza vingine: ndafu ni mbuzi dume aliyehasiwa akanoneshwa. Jirani yake ni maksai, ng'ombe aliyehasiwa, na walio kinyume cha hao wawili ni beberu na fahali, madume walioachwa kama walivyozaliwa. Ndani ya maneno haya mna upasuaji. Mtu alimlaza mnyama, akamfunga miguu, akapitisha kisu mahali penye mishipa mingi ya damu, kisha akamwuguza mpaka kidonda kikafunga. Kazi hiyo ya kisu ina mbili zinazoandamana nayo: kumpa mnyama mgonjwa mahali pa kulazwa, na kumtafutia dawa ya miti. Zote tatu zina umri mrefu kuliko kliniki yoyote ya Kilwa na pwani ya Lindi. Lakini hazikukua hapa kama zilivyokua Umasaini au Usukumani, na aliyezizuia ni inzi mmoja, mbung'o.

Watu walikaa Kilwa Kisiwani kuanzia yapata karne ya 9. Neville Chittick, mwanaakiolojia aliyechimba kisiwa hicho katika miaka ya 1960 na kuchapa matokeo yake mwaka 1974, alifukua mji uliopanda ngazi kwa ngazi: chini vijumba vya miti na udongo, juu yake nyumba za mawe ya matumbawe, misikiti, na sarafu za shaba zenye majina ya masultani. Katika karne ya 13 na ya 14 mji huo ulishika biashara ya dhahabu iliyopitia Sofala, na majumba kama Husuni Kubwa yakasimama juu ya bahari. Wakazi wake walilishwa kwanza na samaki. Mbuzi, kondoo, kuku na ng'ombe walikuwa mali ya uani na ya viunga vya mji. Palipojengwa na kulimwa vichaka hufyekwa, na mbung'o hukaa kwenye kivuli cha miti na vichaka; hivyo mnyama aliyefugwa ndani ya mji aliishi chini ya ulinzi ambao wenyeji hawakuwa na haja ya kuupa jina.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Kaskazini, Mogadishu, msafiri huyo alikuwa ameandika juu ya ngamia waliochinjwa kwa mamia kila siku. Kwa Kilwa kalamu yake ilishughulika na uzuri wa mji, uchaji wa watu na ukarimu wa mtawala. Tofauti hiyo ina maana kwa habari yetu. Katika karne hiyohiyo, mjini Cairo, Abu Bakr ibn al-Badr, mganga wa farasi wa Sultani al-Nasir Muhammad, aliandika kitabu kikubwa cha tiba ya farasi: namna ya kutambua kilema cha mguu, kuchoma kwa chuma cha moto, kutoa damu, kufunga jeraha. Waarabu waliiita elimu hiyo baitara, na ilikuwa elimu ya dola zilizopigana zikiwa juu ya farasi. Nguvu ya Kilwa ilikuwa kwenye mitepe na majahazi. Sultani wake hakuwa na zizi la farasi wa vita, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumwajiri mganga wa farasi. Wareno walioteka mji Julai 1505, wakiongozwa na Francisco de Almeida, walikuta mji wenye kuku, mbuzi, kondoo na ng'ombe, na mashamba yaliyowastaajabisha. Walikuja kwa ajili ya dhahabu, wakajenga ngome, na baada ya miaka michache wakaiacha.

Mganga wa wanyama wa enzi hizo basi alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, na mara nyingi mwanamke, maana uani ndiko walikolala kuku na mbuzi. Kuku wagonjwa walitengwa chini ya tenga. Mbuzi walilazwa kwenye banda lililoinuliwa kwa nguzo ili kwato zisioze kwa unyevu wa masika na chui asiwafikie kwa urahisi. Asiye na nafasi alimwachia ndugu au jirani mnyama wake kwa ubia: mlezi hupata sehemu ya wazao, mwenye mali hubaki na mama. Desturi hiyo imeenea sehemu nyingi za Afrika Mashariki, nami naiona kuwa ndiyo bweni la kwanza la wanyama tulilokuwa nalo, maana iliweka wazi nani analaumiwa mnyama akifa na nani anapata nini akipona. Dawa zilitoka porini na shambani. Majani ya utupa yaliyopondwa yalipakwa kuua kupe na chawa. Utomvu wa mshubiri ulitiwa katika maji ya kuku. Jeraha liliwekewa chumvi na majivu. Baadaye mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, ukaongezwa katika orodha hiyo. Si haki kuyaweka haya yote katika kapu moja. Utupa una sumu inayoua wadudu kwelikweli, ileile inayolewesha samaki mtoni, na wakulima waliigundua kabla maabara haijaipa jina. Shubiri haijawahi kuzuia mdondo kumaliza kuku wa kijiji kizima.

Tofauti kati ya pwani na bara ilianza kuonekana waziwazi misafara ilipokua. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Karne ya 19 ilipoingia, chini ya himaya ya Oman na Zanzibar, biashara ilihamia bara upande wa pili, Kilwa Kivinje, bandari iliyopeleka nje watumwa wengi kuliko nyingine yoyote ya pwani hii. Njia zake zilikwenda mpaka Ziwa Nyasa, zikikata nchi ya miombo ya Matumbi, Liwale na Ruvuma. Hiyo ni nchi ya mbung'o. Inzi huyo hunyonya damu ya nyati, pofu au ngiri, ambao hubeba kimelea bila kuugua sana, kisha humwambukiza ng'ombe, farasi au punda. Mnyama wa kufugwa hupata homa, huishiwa damu, manyoya husimama, macho hutoa machozi, hukonda ingawa anakula, jike hutupa mimba, na mwisho huanguka. Wenyeji waliuita ugonjwa huo ndorobo. Kwa sababu hiyo njia ya kutoka Kilwa haikujua mkokoteni wala msafara wa punda. Pembe za ndovu zilipanda mabega ya watu, wengine wapagazi wa hiari, hasa Wayao waliojulikana kwa safari, wengine mateka. Tamaa ya wanadamu ndiyo iliyoanzisha biashara ya watumwa, na mbung'o hawezi kubebeshwa dhambi hiyo; lakini mahali ambapo mnyama hawezi kubeba, binadamu huwa rahisi kugeuzwa mnyama.

Mtu mmoja alijaribu kulivunja sharti hilo kwa makusudi, na jaribio lake lastahili kukaliwa. David Livingstone aliposhuka Mikindani, kusini mwa Lindi, mwezi Machi 1866, alikuja na ngamia 6, nyati wa kufugwa wa Kihindi 3 na ndama mmoja, nyumbu wawili wa kupandwa na punda 4. Alitaka kujua kama wanyama wa Asia wangestahimili mbung'o, kwa maana kama ngamia angeweza kupita miombo salama, basi mzigo ungeweza kuondolewa juu ya kichwa cha mtu na hoja moja ya biashara ya watumwa ingeanguka. Aprili walianza kupanda bonde la Ruvuma. Mbung'o waliwauma wanyama tangu siku za mwanzo. Lakini pamoja na inzi kulikuwa na mikono ya watu. Askari wa Kihindi waliopewa kazi ya kuwatunza waliwabebesha kupita kiasi, wakawapiga, wakawaacha na vidonda vya matandiko vilivyooza. Livingstone aliandika kwa uchungu kwamba hakuweza tena kutofautisha kilichowaua, ndorobo au ukatili. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine katika miezi hiyo, na askari wakarudishwa pwani. Kwa mwanafunzi wa tiba ya wanyama hilo ni somo la kudumu: dawa na majaribio hayana thamani pale ambapo mnyama hapewi maji, kivuli na mapumziko. Kulaza na kuuguza ni nusu ya tiba, na nusu hiyo ndiyo iliyokosekana Ruvuma.

Sayansi ilikuja kwa njia ya maafa. Sotoka, tauni ya ng'ombe, ilipenya pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kufika nchi hii yapata 1890, ikafyeka ng'ombe wa wafugaji wa bara, na nyati pamoja nao. Kilwa na Lindi, zenye ng'ombe haba, zilikosa msiba huo kwa sababu ya umaskini wao wa ng'ombe. Mwaka 1895 David Bruce, akiwa Zululand, alionyesha kwamba nagana, jina la Kizulu la ndorobo, huletwa na kijidudu cha damu kiitwacho tripanosoma kinachobebwa na mbung'o. Robert Koch alifanya kazi Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, akichunguza magonjwa ya ng'ombe na ya watu chini ya darubini. Mwaka 1905 Wajerumani wakaanzisha kituo cha utafiti wa mifugo Mpwapwa, ambacho bado kinafanya kazi hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1905, mwezi Julai, milima ya Matumbi nyuma ya Kilwa iliwaka. Vita vya Majimaji vilianza kwa watu kung'oa pamba ya kulazimishwa, vikaenea kusini yote, vikazimwa mwaka 1907 kwa kuchoma mashamba na maghala. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977 juu ya mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, alieleza kilichofuata: watu walipopungua, mashamba yakageuka vichaka, vichaka vikaleta wanyamapori, wanyamapori wakaleta mbung'o. Ulinzi ule wa kale wa jembe na moto, ambao vizazi vilikuwa vimeujenga bila kuandika, ulivunjika katika miaka miwili. Naamini hapa ndipo historia ya mifugo ya kusini ilipopinda.

Ushahidi wa kupinda huko ulibebwa mbele ya macho ya ulimwengu. Kati ya 1909 na 1913 wataalamu kutoka Berlin, wakiongozwa mwanzoni na Werner Janensch na Edwin Hennig, walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya Lindi. Mamia ya wanaume na wanawake wa Lindi walifanya kazi hapo, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kufukua mfupa dhaifu bila kuuvunja uliheshimiwa na wageni hao. Mifupa ilifungwa kwa udongo na mianzi, mikubwa ikagawanywa vipande, kisha ikapelekwa bandari ya Lindi kwa safari ya siku kadhaa. Mizigo hiyo ilizidi tani 200, na yote ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya wapagazi, au kwa mzegazega, kwa kuwa ng'ombe wa kukokota na nyumbu wangekufa kwa ndorobo. Mnyama aliyesimamishwa baadaye katika jumba la makumbusho la Berlin, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, alivuka nchi hii akibebwa na watu. Sijui picha nyingine inayoeleza kwa ukamilifu zaidi maana ya kuishi mahali pasipo mnyama wa kazi.

Vita vya kwanza vya dunia vilirudia somo hilo kwa ukali. Waingereza walichukua Kilwa na Lindi Septemba 1916, na mwaka uliofuata walipigana Narungombe mwezi Julai na Mahiwa mwezi Oktoba. Farasi, nyumbu na punda walioshushwa bandarini walikufa kwa maelfu katika kampeni hiyo. Madaktari wa wanyama wa jeshi waliwapa aseniki ili waendelee kutembea kwa wiki chache zaidi, wakijua haitawaponya. Walipoisha, mzigo ukarudi kwa binadamu, kwa wale waliokusanywa katika kikosi cha wapagazi ambacho jina lake limebaki Kariakoo, na vifo vyao vilikuwa vya kutisha.

Serikali ya Kiingereza iliweka idara ya mifugo makao yake yakiwa Mpwapwa, na utafiti wa mbung'o Shinyanga, chini ya C. F. M. Swynnerton, aliyefyeka misitu na kuchoma nyasi kwa mpango mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Huduma zilifuata ng'ombe: kaskazini, kati, kanda ya ziwa. Kusini-mashariki kulichukuliwa kuwa nchi ya tembo. Pori la akiba la Selous lilitangazwa mwaka 1922 kutokana na hifadhi za Wajerumani, kisha likapanuliwa, na katika miaka ya 1940 vijiji vya magharibi mwa Liwale vilihamishwa, ugonjwa wa malale ukiwa mojawapo ya sababu zilizotajwa. Nchi waliyoiacha ikajaa wanyamapori na inzi. Wakati huohuo maabara zilitoa dawa za kwanza zenye nguvu ya kweli dhidi ya ndorobo. Diminazini, ambayo wafugaji wote wanaijua kwa jina la Berenil, ilitoka mwaka 1955, na baada yake Samorin, inayotibu na kukinga kwa miezi kadhaa. Kwa mara ya kwanza tangu sarafu za masultani, ng'ombe angeweza kuishi katika miombo ya Kilwa kwa nguvu ya sindano. Ila mwenye sindano alikuwa mbali.

Baada ya uhuru sindano ikaanza kusogea. Walter Plowright na wenzake, Muguga nchini Kenya, walikuwa wametengeneza chanjo ya sotoka iliyokuja kuuondoa ugonjwa huo duniani. Tangazo la kutoweka kwake lilitolewa mwaka 2011. Madaktari wa kwanza wa mifugo wa Tanzania walisomea Kabete, Nairobi, kisha kitivo cha Morogoro kikafunguliwa mwaka 1976 na kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984. Bwana mifugo akawa mtu wa kata, mwenye baiskeli, kisanduku cha chanjo na koleo la Burdizzo. Koleo hilo, lililobuniwa na Mwitaliano, hubana mishipa ya korodani bila kupasua ngozi. Kwa joto la pwani na wingi wa inzi wa vidonda, hilo lilikuwa jambo kubwa: kisu cha ndafu kilipata mrithi asiyemwaga damu, na mnyama hakuhitaji tena kuuguzwa kidonda kwa wiki mbili.

Miaka ya 1980 na 1990 ilipunguza mkono wa Serikali. Majosho yalikauka, dawa zikahamia madukani, na mfugaji akaanza kujipimia mwenyewe, mara nyingi kwa kipimo pungufu kinachowafundisha vimelea kustahimili dawa. Katika ukame huo kusini kulikuwa na chemchemi moja ambayo haisifiwi vya kutosha. Chanjo za mdondo zilizozoeleka zilitaka barafu kutoka kiwandani hadi kijijini. Watafiti wa Australia walitengeneza aina ya I-2, inayostahimili joto, na katika miaka ya 1990 wataalamu wa kanda ya kusini waliijaribu kwa kuku wa kienyeji huku kwetu. Ni tone moja katika jicho, na mwanakijiji aliyefundishwa kwa siku chache anaweza kulidondosha. Ugonjwa ambao shubiri ilishindwa nao kwa vizazi ukapata kinga inayobebeka katika kikapu. Anayetaka kujua tiba mbadala iliyofaa inafananaje na aitazame hiyo: rahisi kama ya bibi uani, nayo imepimwa.

Mwaka 2003 yalitokea mambo mawili. Bunge lilipitisha Sheria ya Veterinari, Na. 16, iliyoweka Baraza la Veterinari na kuifanya kazi ya daktari wa wanyama kuwa kazi ya aliyesajiliwa. Miaka mitano baadaye ikaja Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008. Na mwaka uleule wa 2003, juu ya mto Rufiji, lilifunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Kabla yake, mvua zikinyesha, Kilwa na Lindi zilikuwa kisiwa. Kivuko kikikwama, hata chanjo ilikwama. Daraja lilileta dawa, wanafunzi na biashara. Lilileta pia mifugo, na magonjwa ya mifugo.

Kati ya mwaka 2006 na 2007 Serikali iliwahamisha wafugaji kutoka Usangu, wilayani Mbarali, kwa hoja ya kunusuru bwawa la Ihefu na maji ya Ruaha Mkuu yanayozalisha umeme. Wasukuma, Wabarabaig na wengine waliagizwa kwenda mikoa ya Lindi na Pwani. Wengi walipoteza ng'ombe njiani na baada ya kufika. Fikiria uzito wa tukio hilo katika historia tuliyoifuata: nchi ambayo kwa miaka 1,000 ilijengwa kwa ng'ombe haba, ambayo wengi katika vizazi vyake hawakujua kukamua wala kuogesha, ilipokea makundi makubwa katika msimu mmoja, ikiwa na majosho machache, na ikipakana na Selous iliyojaa mbung'o. Ndorobo na ndigana kali ziliwapokea. Wakulima wa ufuta na mihogo, ambao mashamba yao hayakuwahi kuhitaji ua wa kuzuia ng'ombe, waliamka na kukuta yamekanyagwa, na migogoro ya damu ikafuata. Lawama hazimwangukii mfugaji aliyeswagwa wala mkulima aliyeliwa mazao. Waliopanga uhamisho walipaswa kumtanguliza daktari, josho na kisima.

Magonjwa mapya yalisafiri kwa barabara ileile. Mwaka 2010 sotoka ya mbuzi na kondoo iligunduliwa Tandahimba na Newala, mkoani Mtwara, na chanzo chake kikahusishwa na mbuzi walionunuliwa mnada wa Pugu, Dar es Salaam. Mwaka 2022 homa ya mgunda, ambayo wanyama, hasa panya, huipitisha kwa mkojo wao, iliwapata watu 20 wilayani Ruangwa, na watatu wakafa. Dhidi ya kichaa cha mbwa, ushindi ulionekana. Kuanzia 2010 hadi 2015 mpango wa Shirika la Afya Duniani, uliofadhiliwa na Mfuko wa Bill na Melinda Gates, ulichanja mbwa katika wilaya 28 za kusini-mashariki, Lindi ikiwemo, pamoja na Pemba. Katika miji ya Kiislamu ya pwani mbwa hakuwa wa kuingizwa ndani, na wengi walidhani wenye mbwa hawatajitokeza. Walijitokeza, wakiwa na watoto waliowavuta mbwa kwa kamba za mkonge, na vifo vya binadamu vikapungua.

Leo mtu wa Kilwa Masoko au Lindi mjini akipata mbuzi aliyeshindwa kuzaa, njia iliyopo ni ya mikono ya mtaalamu wa halmashauri, ganzi ya kuchoma ubavuni, wembe, uzi, na meza ambayo mara nyingi ni mlango uliolazwa kivulini. Upasuaji mkubwa zaidi wenye picha za eksirei na usingizi wa gesi uko hospitali ya wanyama ya Sokoine, Morogoro, mamia ya kilomita kwa barabara, na ni mnyama gani wa maskini anayesafirishwa hivyo? Kwa hiyo hapa upasuaji unaofaa kuombewa fedha ni ule mdogo: kuhasi, kufunga kizazi cha paka na mbwa wasizurure na kuzaana ovyo, kushona jeraha la punda. Punda wa Lamu, kaskazini mwa pwani hiihii, walipata makazi yao ya matibabu mwaka 1987 kutoka kwa shirika la Kiingereza la kuwahifadhi punda. Wagonjwa hutibiwa bila malipo na wazee hulazwa humo. Kilwa haijapata nyumba ya namna hiyo. Kulaza kumebaki kazi ya jirani na ya ubia, kama enzi ya matenga.

Hata hivyo kuna kulaza kumoja ambako tiba ya kisasa inakutegemea kabisa, na kunafanyika katika nyua zetu. Mbwa akimng'ata mtu, na mtu huyo akiwa tayari ameoshwa jeraha kwa sabuni na maji ya kutosha na kupelekwa kituoni kwa sindano, mbwa hauawi kwa hasira ya mtaa. Hufungwa au hufungiwa siku 10, chini ya mwembe au nyuma ya banda la kuku, akiwekewa maji na mabaki ya ugali na dagaa. Mwenye nyumba humtazama asubuhi na jioni: anakula, anameza, anamtambua mtoto wa nyumbani, sauti yake haijabadilika? Akifa au akiugua, kichwa chake hupelekwa maabara, na habari humkimbilia daktari wa watu. Siku ya 10 mtaalamu wa mifugo hurudi kwa pikipiki, humkagua mbwa akiwa amesimama hatua chache mbali naye, huandika katika daftari lake, na kumwambia mwenye nyumba afungue kamba.